Karatasi ya Mlangoni

Mdogo wangu Raheli hajui kuomba. Hata chumvi haombi. Atakula mlenda wake chapwa kuliko kugonga kwa jirani. Tabia hiyo tuliirithi wote kwa mama, ila mimi nina mdomo, yeye hana. Nayaandika haya kwa herufi nilizofundishwa ukubwani, darasa la ngumbaru, na binti yake Brightness ananyoosha panapopinda, kwa sababu watu wa hapa Makutupora wanamsema vibaya. Wanasema alitoa shamba la marehemu kwa ajili ya mwanamume. Hakutoa. Nilikuwepo, na nitasema ilivyokuwa.

Shamba lenyewe si kubwa. Ukisimama uani unaliona lote, mistari ya mizabibu inapanda polepole kuelekea kilimani, na kule juu, kichwani mwa shamba, kuna kaburi la Joshua, mume wake wa kwanza. Joshua alilifyeka mwenyewe lilipokuwa miiba mitupu. Alipokufa, ndugu zake walikuja na kamba kupima, matanga hayajaanuliwa. Raheli akaenda akakaa juu ya kaburi bichi, Brightness mgongoni, akasema, "Pimeni na mimi nikiwa humu." Wakaona haya, wakakunja kamba yao. Tangu hapo alipogoa yeye, alivuna yeye, ndege aliwafukuza yeye, na mtoto akasoma kwa zabibu zile mpaka akawa muuguzi. Ukimgusia shamba alikuwa na neno moja tu: "Hili la Brightness. Mimi nalilinda."

Basi akaja Ernest.

Ernest ni fundi mwashi wa Kongwa, alikuja kujenga tangi la maji la jirani. Mwanamume wa maneno. Alikuwa anapita kwa Raheli kuomba maji ya kunywa, wakati anajenga tangi! Nikamwambia, "Shemeji, wewe una kiu ya aina gani?" Akanijibu, "Dada Anastazia, kiu yangu haimalizwi na kata moja." Raheli akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miaka mingi, na sitadanganya, nilifurahi. Mjane naye ni mtu.

Wakakubaliana kuoana, kanisani, kwa heshima. Brightness akamkalisha mama yake chini.

"Mama, Ernest simkatai. Lakini kabla ya ndoa nendeni kwa wakili mwandikishane. Shamba ni la nani, na akiweka jasho lake humo itakuwaje. Siku hizi watu wanafanya hivyo."

"Nitamwambia," akasema Raheli.

Akajaribu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nilisikia kwa masikio yangu. Alimwandalia chakula, akakaa, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia, akasema, "Ernest, kuhusu lile shamba..."

"Hilo shamba lako linanitia huruma," Ernest akamkatiza, tonge mdomoni. "Nguzo zote zimeliwa na mchwa. Ukishakuwa mke wangu nitakusimamishia nguzo za zege, mchwa waje na nyundo."

Raheli akacheka, na neno likarudi tumboni. Siku nyingine akajaribu tena, likarudi tena. Mwishowe akaniambia, "Dada, siwezi. Nikimtajia wakili ataona namtabiria talaka kabla hajanioa."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Nimeshazaa. Semeni ninyi."

Hapo ndipo lilipozaliwa lile wazo, na lilikuwa la Raheli mwenyewe, wasiseme ni langu. Kwetu bibi harusi hatoki bure. Upande wa mume wakija kumchukua, mashangazi na dada zake wanafunga mlango, wanaimba, wanadai. Leteni khanga, leteni soda, leteni noti, hii imekunjika, leteni nyingine. Ni mchezo, lakini mlango haufunguki mpaka wenye mlango waridhike. Raheli akasema, "Siku ile mtamdai saini. Kila mtu atakuwa anacheka, hatakasirika. Mimi nitakuwa ndani, sitaona uso wake."

Brightness alikataa. Alisema, "Mama, huo ni mchezo, hili ni jambo la sheria." Lakini mama yake alikuwa na macho ya mtu anayezama, na mtoto akashindwa. Akaenda steshenari, akachapisha karatasi kwa maneno aliyoyatoa kwenye simu: kwamba shamba la mizabibu ni la Raheli na baada yake ni la bintiye, na kwamba Ernest hatalidai hata ndoa ikivunjika.

Siku ya harusi mlango niliushika mimi. Watu walikuwa wanatucheka: mjane mwenye mvi anafungiwa mlango kama mwali! Nikawaambia mdogo wangu hatoki kama mbuzi, mwenye kamba avute tu. Ernest akaja na suti ya kijivu na wenzake wa Kongwa wakipiga vigelegele vya kiume. Wakatoa khanga, nikapokea. Wakatoa soda, nikapokea. Mpambe wake akasema, "Haya mama, fungua, mchungaji anasubiri."

Nikatoa karatasi kifuani. "Bado hii."

"Ni nini hii tena?"

"Ni ufunguo. Bwana harusi atie saini."

Mashangazi wakaipokea kwa wimbo: tia saini, tia saini, tia saini tukupe mke. Ernest akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Shemeji, ningejua ningekuja na mhuri!" Akamgeuza mpambe wake, akaiweka karatasi mgongoni mwake, akasaini. Vigelegele vikapanda. Nikafungua mlango, Raheli akatoka amejifunika, na nilimwona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye mashangazi wakaweka dole gumba, mashahidi, na kesho yake mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Tukasema, saini gani tena itaishinda hii? Kijiji kizima kimeona.

Ernest alitimiza neno lake la nguzo. Alisuka nondo, akamwaga zege, akaanzia kule juu kaburini akishuka. Waya mpya, mizabibu mipya pale ilipokufa ya Joshua. Mistari ya juu ikastawi ukaona aibu kutazama ya chini. Raheli alikuwa anampelekea uji shambani. Sitaki kusema zilikuwa siku mbaya; zilikuwa nzuri, na ndizo zilizokuja kutuua.

Kwa sababu mji ulianza kutufuata. Dodoma imekuwa kubwa, watu wanatafuta viwanja, na jirani akiuza shamba la zabibu, kesho linaota ukuta na geti. Ernest akaanza kuchelewa kurudi kutoka Kongwa. Kisha akaanza kutorudi. Tukasikia ana mwanamke kule na nyumba imeshaezekwa. Baraza la usuluhishi likakaa, likashindwa. Na barua ya mahakama ilipokuja, Ernest hakutaka talaka tu. Alitaka mistari ya juu, auze.

Raheli hakulia. Alienda sandukuni akatoa ile karatasi, akaifunga kwenye khanga, tukapanda gari kwenda mjini kwa wakili. Njia nzima aliishika kifuani kama kitoto kichanga.

Wakili anaitwa Shamila. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, kule Area D. Msichana mwembamba, mtandio mweupe. Akainuka tulipoingia.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

Akaisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaiweka mezani akaifunika kwa kiganja, kama mtu anayekinga maziwa yasiingie nzi.

"Hii alisaini lini?"

"Siku ya harusi," Raheli akasema.

"Baada ya ndoa au kabla?"

"Kabla. Asubuhi, mlangoni."

"Mlangoni pa nani?"

Nikaona tunacheleweshana. "Binti yangu, mlangoni petu. Walikuja kumchukua bibi harusi, tukafunga mlango kama desturi. Kwani nyie Waislamu wa mjini hamfungi?"

"Tunafunga sana. Shangazi yangu Rukaya alimvua shemeji yangu mpaka saa ya mkononi." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Lakini hatujawahi kudai saini, mama."

Akatueleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Makubaliano kabla ya ndoa sheria haiyakatai. Lakini mahakama haitazami saini tu, inatazama mkono ulisaini ukiwa wapi. Je, alisoma? Alipewa siku za kufikiri? Alikuwa na mtu wake wa kumshauri, asiye wenu? Na zaidi ya yote, angeweza kukataa na bado akaoa?

"Na mali yake yeye iko wapi humu?" akauliza. "Mnasema alikuwa na kiwanja Kongwa, hakikuandikwa. Kila mmoja alitakiwa aseme alichonacho mbele ya mwenzake."

"Tuna mhuri wa mwenyekiti," nikamkumbusha.

"Mhuri wa mwenyekiti, mama, unasema huyu ni mkazi wa mtaa. Hausemi alikubali kwa hiari yake."

Raheli akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo shamba si langu?"

"Shamba ni lako. Ulikuja nalo, na ndoa haikunyang'anyi ulichokuja nacho, hata bila karatasi. Tatizo ni nguzo. Mwenzio akiboresha mali yako kwa jasho lake, mahakama inaweza kumpa sehemu kwa kadiri ya lile jasho. Hilo ndilo mlilotakiwa kuliandika mkiwa mmekaa, miezi kabla ya ng'ombe wa mahari: akijenga humu, atafidiwaje, bila kugusa ardhi. Angeweza kukubali. Mlimuuliza?"

Raheli akatazama chini. Hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo sijui Ernest wa siku zile za uji angejibu nini, na nadhani hilo ndilo linalomla mdogo wangu kuliko yote.

"Basi tumekwisha," nikasema.

"Hatujaisha. Tuna karatasi moja mbovu na nguzo nyingi nzuri. Tutapigana na tulivyo navyo." Akanigeukia. "Wewe mama utakuwa shahidi. Sema kweli, lakini kwa ufupi. Ukiulizwa jina, taja jina, usitaje ukoo."

Siku za kungoja kesi Raheli aliacha kula. Alikuwa anashinda kule juu, amekaa kwenye ukingo wa kaburi, akitazama zile nguzo. Mchana mmoja nikasikia kishindo. Nikapanda mbio, na miguu yangu hii, nikamkuta ameshika jembe kwa mikono miwili anaipiga nguzo. Anaipiga kama nyoka.

"Raheli! Unafanya nini?"

"Naziangusha. Zisipokuwepo atadai nini?"

"Utaangusha na mizabibu!"

"Ianguke!"

Akapiga tena, mpini ukavunjika, jembe likaruka likaanguka majanini. Nguzo ilikuwa na alama nyeupe tu, kama mkwaruzo wa kucha. Ernest ni fundi kweli, lazima niseme. Raheli akakaa chini akatazama kipande cha mpini mkononi, akasema, "Dada, hata kumwambia sikuweza, sasa nitaweza kumshinda?"

Nikamfuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga, nikaokota jembe.

Mahakamani Ernest alivaa ile ile suti ya kijivu ya harusi. Alinisalimia, "Shikamoo shemeji." Nikanyamaza. Akasema, "Haya, hata marahaba imefungiwa mlango." Watu wa benchi la nyuma wakacheka.

Hakimu akamwonyesha karatasi. "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Uliisoma kabla ya kusaini?"

"Ningeisoma saa ngapi? Mashangazi wanaimba, mchungaji anatazama saa, mke wangu yuko ndani. Nilisaini juu ya mgongo wa mpambe wangu, mheshimiwa. Hata mistari ilikuwa inacheza, kwa sababu mpambe alikuwa anacheza."

Wakacheka tena. Wakili Shamila akasimama, akamuuliza kama kuna mtu alimshika mkono. Hakuna. Alimtishia? Hakuna. Alicheka alipokuwa anasaini? Alicheka. Nikaona Shamila anamsogeza vizuri, taratibu, kama mtu anayemtoa kuku nje bila kumrushia kitu. Raheli akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi namwona anainua kichwa.

Kisha wakaniita mimi. Nikaapa kwa Biblia. Nikataja jina, sikutaja ukoo. Wakili wa Ernest, kijana wa miwani, akaja karibu kwa adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyeshika mlango siku ile?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia uliushika vizuri."

"Sijawahi kushika mlango vibaya."

"Sasa mama, tuambie. Bwana harusi angesema, 'Khanga hizi hapa, soda hizi hapa, lakini karatasi sisaini mpaka nikaulize,' ungemfungulia?"

Nilimwona Shamila ananitazama. Nilimwona Raheli. Najua walitaka nini. Lakini nilikuwa nimeapa, na huyu kijana alikuwa ananiuliza mimi, Anastazia, kama mlango niliushika au nilikuwa nauchezea. Nikamjibu kilichokuwa kweli.

"Nisingemfungulia hata angekuja na ng'ombe wote wa Ugogo."

Benchi la nyuma hawakucheka. Kijana akasema, "Asante sana mama, sina swali lingine," akaketi. Shamila akafumba macho kidogo tu, akayafumbua. Na Raheli akainamisha kichwa kile nilichokuwa nimefurahi kukiona kimeinuka.

Kuna watu wanasema ni mimi niliyeua kesi. Brightness hajasema, lakini analinyoosha neno hili sasa hivi na mkono wake umesimama. Linyooshe, mwanangu. Mimi kusema uongo sikufundishwa, wala nyumbani wala ngumbaru. Mlango ulifungwa kweli, na kila aliyekuwepo anajua ulifungwa.

Hukumu ikasomwa. Karatasi ikawekwa pembeni, kwamba haikusainiwa kwa uhuru wala kwa kujua. Shamba ni la Raheli tangu kabla ya ndoa, hakimu akalisema hilo wazi, lakini mwombaji, yaani Ernest, aliliendeleza kwa jasho, na mistari ya juu alipoweka nguzo na mizabibu mipya itengwe sehemu iwe yake. Kaburi lisiguswe. Tuachiwe njia ya kulifikia.

Njia. Mdogo wangu apite kwenye shamba la mtu kwenda kumpalilia mumewe.

Shamila alisema tunaweza kukata rufaa, na akatuambia bila kutuficha kwamba karatasi itabaki ile ile na jibu langu litabaki lile lile. Raheli akasema, "Nimechoka, mwanangu. Asante." Tukarudi.

Ernest alikuja siku ya kupima na mnunuzi wa mjini, kijana wa viatu vyeupe, na mpimaji na vigingi. Mimi nilikuwa nimeshatangulia. Shamba lina mwanya mmoja wa kuingilia kwenye ua wa miiba, na nilisimama katikati yake, mkono huu mti huu, mkono huu mti ule.

"Mbukwa, shemeji," Ernest akanisalimia kwa Kigogo. Sauti yake haikuwa na dhihaka, na hilo liliniuma zaidi. "Leo unadai nini? Khanga sijaleta."

"Leo sidai kitu. Leo hupiti."

"Nina karatasi ya mahakama."

"Na mimi nilikuwa na karatasi yako."

Mpimaji akatazama viatu vyake. Yule mnunuzi akanong'ona kama kuna mtu wa kuniondoa. Ernest akamwambia, "Huyu? Huyu haondolewi," akakaa juu ya jiwe, akavua kofia. Jua lilikuwa kali. Ningesimama pale mpaka nianguke, na ningeangukia papo hapo mwanyani ili wanivuke.

Ndipo Raheli akaja nyuma yangu. Alikuwa na mkasi wa kupogolea, maana msimu wa kupogoa ulikuwa umefika na zabibu hazingoji kesi ya mtu.

"Dada, mpishe."

"Sitampisha."

"Dada Anastazia." Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu pale kwenye mti, akaanza kuubandua, kidole kimoja kimoja. "Nilikwambia unishikie mlango, ukanishikia. Sasa nakuomba ufungue."

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akiomba tangu nimjue. Nikashusha mkono. Ernest akainuka, akapita akiwa ameinamisha kichwa, na mnunuzi akapita, na vigingi vikapita.

Walipokuwa wanagonga kule juu, Raheli alianza kupogoa mstari wa kwanza wa chini, ule wa nguzo za mbao zilizoliwa. Alipogoa akipanda, mimi nyuma yake nikikusanya matawi, mpaka tukafika kwenye kigingi kipya. Pale mzabibu mmoja wa Joshua ulikuwa umetambaa juu ya waya ukavuka upande wa pili, tawi zima, umejiviringisha kwenye nguzo ya zege. Raheli akautazama. Akatazama kaburi, kule ng'ambo.

Akaufungua ule mkunjo wake kwa vidole, taratibu, akaurudisha upande huu, akaufunga kwa uzi kwenye nguzo iliyooza. Nguzo ikalala kidogo kwa uzito. Akaishikilia kwa bega, akanyoosha mkono nimpe uzi mwingine.